Tuzo ya Mhitimu Aliyetukuka: Nani Apendekezwe?

Chuo kikuu kikitangaza tuzo ya wahitimu waliotukuka, majina yanayotajwa haraka ni ya wenye vyeo: mawaziri, majaji, wakurugenzi. Wapo wanaostahili kabisa. Ila tuzo hii haipimi cheo, na ndiyo maana wengi wanaoistahili hawapendekezwi na mtu.

Kwanza, tusiichanganye na shahada ya heshima. Hiyo chuo kinaweza kumtunuku hata mtu ambaye hakusoma hapo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilimpa Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, udaktari wa heshima, na hakuwa mhitimu wake. Medali ya Offeramus, tuzo ya wahitimu, ni habari nyingine. Maathai alipewa na Chuo cha Benedictine, Kansas, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani: alikwenda Marekani mwaka 1960 na vijana wenzake wa Kenya waliopelekwa kusoma, akahitimu biolojia mwaka 1964 katika Mount St. Scholastica, chuo kilichokuja kuungana na kingine kuwa Benedictine.

Angalieni wakati wenyewe. Medali hiyo aliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya miaka kumi kabla ya Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka 1989 alikuwa amesimama kidete kupinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, akabezwa hadi bungeni. Kwao serikalini alikuwa msumbufu. Lakini kazi yake ilionekana: tangu 1977, kupitia harakati yake ya kupanda miti ya Green Belt, wanawake wa vijijini walikuwa wakiotesha miche na kulipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika. Naamini tuzo ya mhitimu ina thamani kubwa zaidi inapomfikia mtu mapema namna hiyo, angali anahitaji kuungwa mkono.

Kwa hiyo unapojaza fomu, usiandike tu kwamba "ni mchapakazi na anaipenda jamii". Sentensi hiyo humfaa kila mtu. Eleza hali ilikuwaje kabla yake, alifanya nini, na nini kimebaki. Barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye muhuri, inayosema kisima kilichimbwa lini na kwamba hadi leo kinatoa maji, ina uzito kuliko rundo la vyeti vya makongamano. Watafute walionufaika waandike wenyewe.

Kuna pia suala la fedha. Aliyechangia ujenzi wa hosteli ashukuriwe, tena hadharani, lakini mchango peke yake usigeuzwe tiketi ya tuzo. Wahitimu wakianza kuona inanunulika, wataacha kupendekeza.

Masharti hutofautiana baina ya vyuo, hivyo soma tangazo hadi mwisho. Mweleze mapema unayempendekeza, maana watu wa kazi za kimyakimya mara nyingi hukataa kwanza. Kama hana wasifu ulioandikwa, kaa naye muuandike pamoja kabla muda wa kupokea mapendekezo haujaisha.