Dhamana kwenye kesi za kuua na kujeruhi: hakimu anaangalia nini

Ndugu wa washtakiwa wanaofikishwa kwenye mahakama za Kisutu, Kinondoni au Temeke, Dar es Salaam, hutuletea lalamiko lilelile: "Hakimu amemnyima dhamana." Kwenye kesi ya kuua kwa kukusudia, kauli hiyo si sahihi. Hakimu hajanyima kitu. Sheria haijampa mamlaka ya kutoa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, katika kifungu ambacho wengi wanakijua kama 148(5), inataja makosa yasiyo na dhamana. Kuua kwa kukusudia yamo, na unyang'anyi wa kutumia silaha pia. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, lakini tarehe 5 Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo kinatumika. Na kwenye unyang'anyi huo silaha si bunduki peke yake: panga, kisu, hata nondo inatosha.

Someni basi hati ya mashtaka kabla ya kutafuta fedha. Kujeruhi kuna dhamana, kuua bila kukusudia kuna dhamana. Upande wa mashtaka ukibadilisha shtaka kutoka kukusudia kwenda kutokukusudia, ombi linasikilizwa. Kinyume chake kipo pia: majeruhi akifariki na shtaka likageuzwa kuwa la mauaji, dhamana iliyokwishatolewa hufutwa. Ndiyo sababu wakili wa serikali hupinga mapema akieleza kuwa majeruhi bado yuko mahututi.

Kosa likiwa na dhamana, swali kubwa ni kama mshtakiwa atarudi mahakamani. Hakimu hupima makazi yake, kama aliwahi kuruka dhamana, kama ataingilia mashahidi (hasa wanaoishi naye nyumba moja au mtaa mmoja), na usalama wake mwenyewe pale wananchi wanapokuwa na hasira. Pingamizi linatakiwa liwe na sababu. "Upelelezi haujakamilika" peke yake haitoshi.

Masharti ndipo watu wengi wanapokwama. Bondi ya shilingi milioni 10 si fedha ya kulipa dirishani. Ni ahadi ya maandishi. Mdhamini aje na kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa anakoishi sasa, yenye picha na mhuri. Jina liwe lilelile kwenye nyaraka zote: barua ikisema "Juma Ally" na kitambulisho "Juma Ali Hassan", atarudishwa. Mahakama ikitaka mali isiyohamishika, hati na ripoti ya uthamini ziandaliwe mapema. Mdhamini ataulizwa anamfahamu vipi mshtakiwa na anaishi wapi. Wadhamini wa kukodi huanguka hapo, na tunawaomba sana msiwatumie.

Mshtakiwa akitoroka, hati ya kumkamata hutolewa, na mdhamini huitwa ajieleze kwa nini asilipe kiasi cha bondi. Asipolipa, mali yake hukamatwa na kuuzwa, na kifungo kinaweza kufuata. Mdhamini anayeona dalili za kutoroka aende mahakamani kuomba kujitoa kabla hayajatokea.

Nyaraka zisipohakikiwa kabla ya karandinga (gari la mahabusu) kuondoka, mshtakiwa atalala gereza la Segerea au Keko ingawa dhamana iko wazi. Msisubiri tarehe inayofuata. Leteni wadhamini kesho yake asubuhi na ombeni mahakama itoe hati ya kumleta mshtakiwa asaini bondi.