Mbwa amenenepa, tena amekuwa mkali: maswali yenu na majibu yangu

Ninatibu wanyama Kampala, na mbwa ndio wengi. Watu huniletea unene na ukali kama magonjwa mawili tofauti. Nikiuliza mbwa anaishije, mara nyingi nasikia habari ileile: mnyororo kutwa nzima, posho (ugali wa mahindi) sufuria nzima jioni. Nimechagua maswali matano ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Simba ana miaka sita na alikuwa mpole sana. Tangu ahasiwe amenenepa, na siku hizi mtoto akimgusa mgongo anaunguruma. Baba watoto anasema achapwe. Tumchape? (Mama wa Kireka)

Hapana, mama, msimchape. Mbwa anaponguruma anawaambia "niacheni, naumia" au "naogopa". Mkimpiga kwa kunguruma, hofu yake haiondoki, ila atajifunza kunyamaza. Siku nyingine atauma bila kutoa onyo, na atakayeumwa ni mtoto. Nimeshona nyuso za mbwa wengi waliopigana, lakini hakuna linaloniumiza kama kusikia mtoto ameumwa na mbwa wa nyumbani kwao ambaye alishaonya mara kumi.

Mbwa mzima aliyekuwa mpole akibadilika, kwanza tafuteni maumivu. Unene hulemea nyonga, magoti na uti wa mgongo. Sikio lenye usaha au jino lililooza pia humfanya mbwa mpole awe mkali. Mpelekeni apimwe. Hadi hapo, mtoto asimguse akiwa amelala au anakula, na asiachwe naye peke yake hata dakika moja.

Kuhusu kuhasiwa, msijute. Mbwa aliyehasiwa huhitaji chakula kidogo kuliko zamani, lakini njaa yake haipungui, pengine huongezeka. Ninyi mmeendelea kumpakulia kipimo kilekile, na unene umeanzia hapo.

Kuna utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, wa mbwa 48 aina ya Labrador waliofuatiliwa tangu wakiwa wadogo hadi kufa. Nusu yao walilishwa robo pungufu ya wenzao. Hao waliopunguziwa waliishi karibu miaka 2 zaidi, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa. Ndiyo maana sicheki mtu akiniambia mbwa wake mnene anapendeza.

Sisi ni Waislamu, mbwa wetu ni wa kulinda tu na hatuna desturi ya kumshika. Nitajuaje amezidi uzito? (Mzee wa Bombo)

Shikamoo mzee. Swali lako ni la maana, na macho yatakusaidia sana. Simama umtazame kutoka juu: nyuma ya mbavu kiuno kinatakiwa kiingie ndani kidogo. Mtazame tena kwa ubavuni: tumbo linatakiwa lipande kuelekea miguu ya nyuma. Akiwa amenyooka kama gunia la mahindi juu na chini, amezidi.

Wanaomshika mbwa wao wana kipimo kingine. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikihisika hivyo, mbwa amekonda. Nyosha mkono, gusa mgongo wa kiganja: hivyo ndivyo mbavu za mbwa mwenye afya. Ukibonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba na mbavu zikawa hivyo, mbwa ni mnene. Unaweza kuvaa glavu, au ukamwachia daktari kazi hiyo anapokuja kuchanja.

Ila mbwa mdogo mwenye tumbo la mviringo na mbavu zinazoonekana hajashiba, huyo ana minyoo. Apewe dawa kila baada ya wiki mbili hadi afike miezi mitatu.

Na maji, mzee. Mlinzi wa usiku anayeshinda juani bila maji hawezi kuwa na tabia njema. Habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa maji kwa kiatu chake unaijua kuliko mimi.

Mbwa wangu ana kilo 34 na daktari anasema anatakiwa 26. Nimfungishe kula? (Kijana wa Jinja)

Usimkatie chakula ghafla. Kupungua kuzuri ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki, kwa mbwa wako ni kama gramu 340 hadi 680. Kilo hizo 8 zitakuchukua miezi minne, pengine sita. Kumpima ni rahisi: panda mzani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Kama hambebeki, mwombe mwenye duka la nafaka mzani wake wa magunia.

Wiki ya kwanza usipunguze kitu. Chukua kikombe kimoja na upime kila kinachoingia mdomoni mwake, pamoja na vipande vya chapati anavyorushiwa na askari wa getini na makombo ya watoto. Hapo ndipo wenye mbwa wengi hushtuka. Vitafunio visizidi sehemu moja kati ya kumi ya chakula chake cha siku. Baada ya hapo punguza kama sehemu moja kati ya tano, uitazame mizani wiki mbili kabla ya kupunguza tena.

Posho ni wanga karibu yote. Mbwa wa posho tupu anaweza kuwa mnene na bado akakosa protini, manyoya yakafifia na misuli ikalegea. Punguza posho, ongeza mukene (dagaa) iliyooshwa mchanga na isiyo na chumvi, au yai la kuchemsha. Ukitaka ajisikie ameshiba, mchanganyie boga au karoti za kuchemsha. Vitunguu na vitunguu saumu usimpe, wala chokoleti, wala mifupa iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Hapa nasema kwa uchungu: unga uliovunda usipewe mbwa. Nyumba nyingi zikiona unga umeota ukungu husema "huo wa mbwa". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ambayo mwezi Machi 2021 ilifanya Kenya isimamishe kuingiza mahindi ya Uganda na Tanzania, huharibu ini, na mbwa huathirika upesi mno. Kupika hakuiondoi. Mbwa anayetapika, akawa na macho ya njano na akakataa kula, apelekwe siku hiyohiyo.

Anabweka mchana kutwa, anachimba maua, ametafuna viatu vitatu. Nifanyeje? (Dada wa Arua)

Dada yangu, amechoka na upweke. Mfungue. Kama ua wako una uzio, mnyororo hauna kazi mchana. Mtembeze asubuhi kabla jua la Arua halijapanda, na jioni tena. Mbwa mnene aanze dakika kumi tu, uongeze kidogokidogo, maana joto linaweza kumwua.

Chakula chake usimmwagie chote sufuriani. Kitawanye kwenye nyasi akitafute kwa pua. Robo saa ya kunusa humchosha mbwa kuliko mnavyodhani, na anakula polepole. Akikaa kimya, mpe sifa na punje moja ya chakula papo hapo. Akibweka usimkaripie kutoka dirishani, ataona nawe unabweka pamoja naye. Viatu viweke juu.

Jana alikuwa mzima. Leo anauma hewa, anatokwa mate na sauti imebadilika. Ni tabia? (Msomaji wa Busia)

Usimkaribie na usimshike. Badiliko la ghafla namna hii, hasa kwa mbwa asiyechanjwa au aliyeumwa na mbwa mwingine, lichukuliwe kuwa kichaa cha mbwa hadi ithibitishwe vingine. Kama unaweza bila kujihatarisha, funga mlango wa mahali alipo, watoe watoto, umpigie daktari wa mifugo wa wilaya sasa hivi.

Aliyeumwa, aliyekwaruzwa, au aliyelambwa penye kidonda aoshe hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali leo kuanza chanjo. Asipake kahawa, pilipili wala dawa ya mizizi. Asingoje kuona mbwa atakuwaje, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Na mbwa wengine wa hapo nyumbani, kama kadi zao za chanjo zimepitisha mwaka, mwambie daktari huyohuyo akija.