Kurekebisha Kasha la Kompyuta: Maana ya Dhana na Vipimo Vinavyoitawala

Kurekebisha kasha la kompyuta ni kulikata, kulitoboa, kulipanua au kulipanga upya kasha lililotoka kiwandani ili lipokee vifaa ambavyo aliyelibuni hakuvikusudia. Maana hii inaliacha kando jambo ambalo wengi hulichanganya nalo, yaani kupamba. Mtu aliyefunga taa za rangi ndani ya kasha na kuchora nembo ubavuni amelipamba. Aliyeng'oa kizimba cha diski ili kadi ya grafiki, yaani ile inayotengeneza picha za skrini, ipate sentimita 6 zilizokuwa zikikosekana amelirekebisha. Kazi hizi mbili hukutana mara nyingi katika mashine moja, wala hapana ubaya, lakini ya pili ndiyo yenye masharti, kwa kuwa inashughulika na vipimo, na vipimo havibembelezeki.

Kwa hiyo anayetaka kuielewa dhana hii na aanze kwa kuuliza ni vipimo gani ndani ya kasha visivyoweza kuguswa na ni vipi vilivyo huru. Jibu limo katika viwango ambavyo watengenezaji wote hufuata. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kiwango cha ATX, kinachoutaka ubao mama, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, uwe na milimita 305 kwa 244, matundu yake ya skrubu yakae mahali palepale daima, na soketi zake za nyuma zitokezee kwenye uwazi wa milimita 158.75 kwa 44.45. Nafasi kati ya kadi moja na nyingine ni milimita 20.32. Baadaye zilikuja mbao ndogo zaidi: microATX yenye milimita 244 kila upande, na Mini-ITX ambayo kampuni ya VIA iliitambulisha mwaka 2001, yenye milimita 170 kila upande na matundu manne tu. Jambo la busara katika mfululizo huu ni kwamba matundu manne ya Mini-ITX yanalingana na baadhi ya matundu ya ATX, hivyo ubao mdogo hukaa ndani ya kasha kubwa bila kutobolewa kitu chochote. Kinyume chake hakiwezekani, na hapo ndipo mafundi wengi wa mara ya kwanza hupoteza kasha zima wakijaribu kukilazimisha kisicholazimishika.

Sehemu hiyo ya nyuma, yaani bati linaloshikilia ubao pamoja na matundu ya kadi, ndiyo uti wa mgongo wa kasha. Skrubu za kadi, uwazi wa soketi na vijiguu vya shaba vinavyouinua ubao usiguse bati vimepangwa kwa kutegemeana. Ukikisogeza kimoja kwa milimita 2, kadi ya grafiki haitaingia sawasawa kwenye nafasi yake, au itaingia ikiwa imejikunja na kuibana soketi. Ushauri wangu ni kwamba eneo hilo liachwe kama lilivyo, na kama ni lazima kulihamisha, lihamishwe lote kwa pamoja kama kipande kimoja. Sehemu zilizobaki za kasha, yaani mbele, juu, chini na ubavuni, ni mali ya fundi.

Wanaopenda kuingiza mashine mpya ndani ya kasha kongwe hulijua somo hili vizuri kuliko wengine. Makasha yaliyotengenezwa kabla ya ATX hayana uwazi wa soketi ninaoutaja, kwa sababu mbao za enzi hizo zilikuwa na soketi ya kibodi peke yake juu ya ubao, na milango mingine ilifungwa kwenye vibati vidogo na kuunganishwa kwa nyaya. Anayetaka ubao wa leo ukae ndani ya kasha la namna hiyo hukata sehemu yote ya nyuma, kisha hutoa uti wa mgongo wa kasha jingine la ATX lililochakaa na kuupandikiza pale kwa ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyopondwa ncha ili vishike. Kwa nje mtu ataona sanduku la rangi ya maziwa iliyochujuka. Ndani kuna prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya mwaka huu.

Sababu kubwa inayowapeleka watu kwenye msumeno, hata hivyo, si ubao mama bali ni joto na kadi ya grafiki. Historia yenyewe inalithibitisha hili. Mwaka 1998 Intel iliuza prosesa ya Celeron 300A, ambayo watumiaji waligundua kwamba, kwa kupandisha mwendo wa njia ya data kutoka megahezi 66 hadi 100, ingeweza kukimbia kwa megahezi 450 badala ya 300. Mwendo huo wa ziada ulileta joto la ziada, na makasha ya wakati ule yalikuwa masanduku yaliyofungwa yenye feni moja ndogo ndani ya pawasaplai, yaani kifaa kinachoigawia mashine umeme. Watu wakaanza kutoboa tundu kubwa juu ya kasha na kufunga feni ya kufukuza hewa ya moto. Tundu hilo la juu linahesabika miongoni mwa marekebisho ya mwanzo kabisa kuenea, nalo lilizaliwa na haja, si urembo.

Leo haja hiyo imechukua sura nyingine. Kadi ya GeForce RTX 4090 iliyotengenezwa na NVIDIA yenyewe ina urefu wa milimita 304, hufunika nafasi tatu za kadi, na uzito wake unazidi kilo 2; kadi nyingi za watengenezaji wengine zenye chipu hiyohiyo ya grafiki ni ndefu zaidi. Urefu wa kadi nao si hesabu yote. Waya wake wa umeme huingia ubavuni, na haufai kukunjwa karibu na plagi, kwa hiyo kasha lenye upana unaoitosha kadi laweza lisiutoshe waya wake, na mlango wa ubavuni ukafungwa kwa kuukandamiza. Hilo ni kosa la hatari, kwa sababu plagi isiyokaa sawasawa hupata moto. Anayepima kasha apime hadi ukingo wa waya uliokwisha kujikunja kwa ulegevu, wala asiishie kwenye ukingo wa kadi.

Rejeta za kupoza kwa maji huja na mtego wake. Rejeta inayoitwa ya milimita 360 imepewa jina kutokana na feni tatu za milimita 120 inazozibeba, lakini yenyewe, pamoja na matangi yake madogo ya mwisho, hukaribia milimita 400. Unene wake wa kawaida ni kama milimita 27 au 30, na feni huongeza 25 nyingine, kwa hiyo chini ya dari ya kasha panahitajika zaidi ya sentimita 5 za uwazi kabla ya kufikia ukingo wa ubao mama au vipande virefu vya kumbukumbu (RAM). Nimeona kasha lililokatwa dari kwa ustadi mkubwa, kingo zimepigwa msasa zikalainika, na rejeta ikakataa kuingia kwa sababu fundi alilisoma jina la kifaa na hakukipima kifaa.

Feni zenyewe zina ukarimu fulani kwa fundi, maana vipimo vyake havibadiliki. Feni ya milimita 120 ina matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 105, na ile ya 140 matundu yake yameachana milimita 124.5. Duara la kupitishia hewa kwa feni ya 120 hukatwa kwa kipenyo cha kama milimita 114, ili bati libaki na ukingo wa kushikilia skrubu. Watu hutengeneza kiolezo cha karatasi ngumu mara moja na kukitumia miaka mingi.

Kabla ya kukata lolote, lakini, kuna jaribio dogo ambalo ningependa kila mtu alifanye. Iendeshe mashine kwa kazi nzito kwa nusu saa, andika joto la prosesa na la kadi, kisha ondoa paneli ya mbele na urudie. Joto likishuka kwa nyuzi nyingi, basi kasha linakabwa koo na paneli hiyo, na dawa yake ni kuitoboa au kuibadilisha kwa wavu. Joto lisiposhuka, kuongeza matundu hakutasaidia. Tatizo liko kwenye kipozeo chenyewe, au kwenye mpangilio wa feni zinazosukumana hewa. Jaribio hili halina gharama yoyote, nalo limeyaokoa makasha mengi na msumeno.

Mpangilio huo wa hewa unastahili maelezo. Feni zinazoingiza hewa zikizidi nguvu zile zinazotoa, hewa ya ziada hutoka kupitia kila upenyo mdogo wa kasha, na vumbi huingia tu pale penye feni, ambapo chujio linalisubiri. Zikizidiwa, kasha hunyonya hewa kutoka kila ufa, na vumbi hukaa kila mahali. Kila tundu jipya linaathiri uwiano huo, likiwemo lile lililotobolewa kwa ajili ya kupitisha nyaya.

Kuhusu ukataji wenyewe, makasha mengi hutengenezwa kwa bati la chuma lililopakwa zinki kwa umeme, lenye unene usiofika milimita 1 katika sehemu nyingi. Mengine ni ya alumini, ambayo hukatika kwa urahisi lakini hujaza meno ya tupa. Madirisha huwa ya akriliki au ya kioo kilichoimarishwa kwa joto. Kioo hicho hakitobolewi wala hakikatwi kamwe baada ya kutoka kiwandani, kwa sababu kikiguswa na drili hupasuka chote kwa mara moja kuwa punje ndogo. Akriliki hukubali, ila kwa mwendo wa polepole: msumeno wa umeme ukienda kasi huiyeyusha, na mstari uliokatwa hugandana tena nyuma ya upanga kana kwamba hapajapita kitu.

Vifaa vyote huondolewa ndani ya kasha kabla ya drili kuwashwa, hata kama tundu linalohitajika ni moja tu. Chembe za chuma hupitisha umeme, na moja ikinasa kati ya miguu miwili ya kipande cha ubao inatosha kuuchoma. Tena ndani ya kitovu cha kila feni mna sumaku, ambayo huzivuta chembe hizo na kuzihifadhi mahali usipoweza kuzifikia kwa brashi. Pawasaplai nayo huondolewa nzima na haifunguliwi, kwa kuwa ndani yake mna vihifadhi chaji vinavyobaki na umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kutolewa ukutani.

Mstari wa kukata huchorwa juu ya utepe wa karatasi uliobandikwa kwenye bati, ambao pia huikinga rangi isikwaruzwe. Duara hukatwa kwa msumeno wa mviringo unaofungwa kwenye drili, na mistari iliyonyooka kwa grainda ndogo ya mkononi yenye diski nyembamba, huku macho yakiwa ndani ya miwani ya kinga. Ukingo hupigwa tupa mpaka kidole kipite bila kuchunwa, na hapo fundi mvivu huishia. Asiyeishia hapo hukumbuka kwamba zinki imeondoka mahali palipokatwa na kutu itaanzia papo hapo, kwa hiyo hupaka rangi ya msingi, na kisha huvalisha ukingo raba ili nyaya zinazopita zisikatwe maganda na mtetemo wa feni.

Vizimba vya diski na trei nyingi hufungwa kwa ribiti, nazo huondolewa kwa kutoboa vichwa vyake kwa drili yenye kipenyo sawa na cha ribiti. Wakati mwingine ribiti huzunguka pamoja na drili bila kukatika, jambo linaloudhi sana. Kuibana kichwa kwa koleo kwa kawaida huimaliza. Kinachosahaulika ni kwamba kizimba hicho hakikuwa cha kushikilia diski peke yake. Katika makasha ya bati jembamba, ndicho kilichokuwa kikiifunga sakafu kwa dari upande wa mbele, na kikitolewa, kasha huanza kunesa linapoinuliwa. Mkanda wa pembe ya alumini uliofungwa kwa skrubu mbili kila mwisho hurudisha ugumu uliopotea bila kuizuia kadi.

Jambo la mwisho linahusu umeme. Kasha la chuma limeungwa na waya wa ardhi kupitia mwili wa pawasaplai, na pia kupitia vijiguu vya ubao mama, na mwili wake huzuia sehemu kubwa ya mawimbi ya redio yanayotoka kwenye vifaa yasisumbue mitambo mingine. Paneli zikipakwa rangi nene hadi kwenye sehemu zinazokutana, au nusu ya kasha ikibadilishwa kuwa ya mbao, muungano huo hukatika kwa vipande. Mashine itawaka na kufanya kazi, lakini redio iliyo karibu inaweza kuanza kukoroma, na paneli ya chuma iliyotengwa haitakuwa na njia ya kupeleka umeme ardhini iwapo waya fulani utachubuka na kuigusa. Ndiyo sababu sehemu za kukutania paneli huachwa bila rangi, na paneli ya chuma iliyofungwa juu ya mbao huunganishwa na mwili wa pawasaplai kwa waya wake yenyewe.