Lana Turner hakuonekana Schwab's

Mpaka leo watu husimulia kwamba Lana Turner, nyota wa filamu wa Marekani, aligunduliwa akiwa amekaa kaunta ya duka la dawa la Schwab's, Hollywood. Sivyo.

Alikuwa bado Julia Jean, mwanafunzi asiyefikisha miaka 17. Siku hiyo alitoroka kipindi cha kupiga taipu, akaenda mkahawa wa Top Hat, jirani na shule, kununua Coca-Cola. Hapo ndipo William Wilkerson, mwenye gazeti la Hollywood Reporter, alipomwona. Hakumpa filamu, na hili husahaulika mno: alimwelekeza tu kwa wakala wa waigizaji, Zeppo Marx. Mwongozaji Mervyn LeRoy ndiye aliyempa nafasi ndogo katika filamu, mwaka 1937. Mwaka uliofuata akahamia studio ya filamu ya MGM.