Kabla ya kukubali cheti cha mhudumu wa nyumbani

Familia zinazotafuta mtu wa kumhudumia mzazi nyumbani huniletea cheti cha mhudumu na kuniuliza kama kinatosha. Kazi yangu ni uuguzi, na nafundisha wahudumu wa majumbani. Swali ninalowarudishia ni hili: nani alimwona akifanya kazi yenyewe?

Urefu wa masomo hutofautiana sana. Marekani, wahudumu wa afya wa majumbani wanaoajiriwa na mawakala waliosajiliwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kuu ambayo hasa ni ya wazee, lazima wapate mafunzo ya saa 75 au zaidi, zikiwemo saa 16 za vitendo chini ya usimamizi, na baadaye saa 12 kila mwaka. Japani kozi ya msingi ni ya saa 130 na ina mtihani mwishoni. England wana Care Certificate, cheti cha msingi cha wahudumu kilichoanza mwaka 2015, ambacho hakihesabu saa bali hupima viwango vya ujuzi. Lakini hukohuko Marekani, mhudumu anayeitwa msaidizi binafsi, ambaye naye huogesha, huvisha na hulisha, hana kiwango cha mafunzo cha serikali kuu. Kila jimbo lina lake. Mwili unaoogeshwa ni uleule, kwa hiyo mpaka huo siukubali hata kidogo.

Ninachokithamini zaidi katika kanuni hizo za Medicare ni sharti kwamba kuogesha, kuhamisha mgonjwa na kupima joto na mapigo ya moyo vitathminiwe kwa kumtazama mhudumu akivifanya. Majibu ya karatasi hayatoshi.

Chukua mtu aliyepata kiharusi, anayetoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Kwa kawaida kiti huwekwa upande wake wenye nguvu, breki zikafungwa na vikanyagio vikaondolewa njiani. Kwanza anakaa ukingoni mwa kitanda kwa muda, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla akiinuka, akapata kizunguzungu. Nyayo ziguse sakafu. Mhudumu anashikilia kiwiliwili na kuulinda upande dhaifu, wala havuti mkono uliopooza, maana bega lake huteguka kwa urahisi. Kila mwanafunzi wangu anaweza kuyaeleza haya. Kuyafanya huku mgonjwa ameogopa na amekaza mwili ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ninapojua nani yuko tayari.

Kula nako kunahitaji macho. Anayekohoa kila akinywa maji, au ambaye sauti yake inakuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, huenda chakula kinamwingia njia ya hewa. Mhudumu aliyefundishwa husimamisha mlo na kumpigia simu muuguzi.

Kuhusu dawa, mpaka hutegemea sheria ya mahali. Kumkumbusha mtu ameze dawa zake si sawa na kumpimia dozi au kumchoma insulini. Mhudumu mzuri hukataa asichoruhusiwa hata familia ikimsihi, na ninawaomba ndugu wasichukulie kukataa huko kuwa ni uvivu.

Uchunguzi wa rekodi za jinai, kipimo cha kifua kikuu na cheti cha huduma ya kwanza ni vya lazima machoni pangu, hata pale sheria isipovitaja. Tazama na tarehe ya cheti chenyewe cha uhudumu. Kwa Medicare, aliyekaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo hulazimika kufuzu upya.

Kama unaajiri mwenyewe bila wakala, hakuna atakayekufanyia ukaguzi huu. Mlipe muuguzi aje siku ya kwanza, amtazame mhudumu akimhamisha, akimwogesha na akimlisha mzazi wako. Kisha andikeni pamoja kazi anazoruhusiwa, asizoruhusiwa, na namba ya kupiga hali ikibadilika. Karatasi hiyo ibandikwe karibu na kitanda, na muuguzi arudi kila hali ya mzazi inapobadilika, hasa akitoka hospitali.