Sanduku la Jiwe Lisilo na Mtu Ndani: Makaburi ya Painswick

Wageni wengi wanaofika kwenye Kanisa la Mtakatifu Maria, Painswick, Uingereza, huja kupiga picha miti yake iliyopogolewa. Wenyeji watakuambia ipo 99, na kwamba wa 100 kila ukipandwa hukataa kuota. Mimi kazi yangu ni mawe, kwa hiyo miti naipita tu nikienda makaburini.

Kaburi la sanduku halina maiti ndani. Marehemu amezikwa ardhini kama wenzake. Kinachoonekana juu ni mabamba ya mawe yaliyosimamishwa na kufunikwa kwa bamba jingine zito. Katikati ni uwazi, au kifusi. Kwa maneno mengine, ni fedha iliyoanikwa hadharani. Na fedha hiyo ilitoka kwenye sufu: katika karne ya 17 na ya 18 mji huu mdogo wa Gloucestershire uliishi kwa kufuma nguo, vinu vikiendeshwa na maji ya kijito cha bondeni.

Jiwe la hapa, la vilima vya Cotswold, ni la chokaa. Likitoka machimboni ni laini, kisha hukauka na kuwa gumu. Ndiyo maana patasi iliweza kuzama hadi kutoa vitoto vya malaika vyenye mashavu manene, makombe, mafuvu na vitambaa vilivyokunjamana. Makaburi mengine ni ya mviringo, marefu kwenda juu, na watu huyaita kwa jina la kopo la majani ya chai.

Waashi waliojulikana zaidi hapa ni ukoo wa Bryan. John Bryan alifariki mwaka 1787, na kaburi lake ni piramidi kavu, bila malaika hata mmoja. Kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote pale.

Kinachoyaua makaburi haya si uzee. Chuchumaa kwenye pembe, pale mabamba mawili yanapokutana, utaona ufa mwembamba ukipanda kwa mshazari na doa la rangi ya kutu chini yake. Ndani ya jiwe kuna kishikizo cha chuma kilichozamishwa kwenye madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Maji yakikifikia, kinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Jiwe halina pa kwenda, linapasuka.

Karne ya 20 ikaja na dawa mbaya zaidi: saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na hainyonyi wala kutoa maji vizuri, hivyo unyevu hulazimika kupitia kwenye jiwe, na uso wake unaanza kumenyuka pamoja na malaika wake. Waliowahi kukarabati nyumba za mawe za Unguja wanalijua tatizo hili. Sisi tunakwangua saruji taratibu, tunaweka chokaa, na chuma kilichooza tunakibadilisha kwa kisichoshika kutu.

Yale madoa ya kijivu na ya manjano yaotayo juu ya jiwe yaacheni. Ni viumbe hai vinavyokua polepole mno, na brashi ya waya hung'oa nakshi kabla ya kung'oa doa. Na tafadhali, usikalie kifuniko wala kumpandisha mtoto juu yake. Pengine mabamba yanayokibeba yameshaachana.