Biblia ya simu, Biblia ya jalada jeusi

Wapo wanaoamini kwamba Neno lina nguvu tu likisomwa katika tafsiri ya zamani, tena kwenye kitabu chenye jalada jeusi. La kwenye simu wanaliona pungufu. Lakini waandishi wa Agano Jipya wenyewe walitumia tafsiri. Fungua Zaburi 40:6, iliyotoka kwenye Kiebrania: "masikio yangu umeyazibua." Waebrania 10:5 inanukuu mstari huohuo kwa kufuata tafsiri ya Kigiriki: "mwili uliniwekea tayari." Tena hoja inayofuata hapo imejengwa juu ya huo mwili.

Wino mwekundu kwenye maneno ya Yesu? Ulianza 1899, wala si jambo la kugombania.

Lawama kwamba tafsiri mpya zina "mistari iliyofutwa" ndiyo nzito zaidi. Namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Matini yake ilikuwa na Matendo 8:37, ambayo haimo katika nakala za mkono za kale zaidi, kama Sinaiticus, nakala ya Biblia ya Kigiriki ya karne ya nne. Watafsiri wakiuacha, namba inaruka kutoka 36 hadi 38. Kwa kawaida tanbihi chini ya ukurasa hueleza. Kwenye baadhi ya programu za simu imefichwa nyuma ya alama ndogo, iguse.